Bahasha za Muheza

Madaktari vijana huwa wananiuliza ilikuwaje nikaacha kliniki za hela nikaingia kwenye utafiti wa magonjwa ya kuambukiza, na mimi huwa nawarudisha Muheza, Januari 2011, siku ile tulipoambiwa tusimamishe kila kitu.

Nilikuwa nimetoka intanshipu juzijuzi tu, nikapata kazi kwenye utafiti uliokuwa unaitwa FEAST. Hospitali zilikuwa sita, Kilifi kule Kenya, sisi Teule hapa Muheza, Tanga, na nne za Uganda, yani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, na aliyeuongoza ni Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Swali lenyewe ukilisikia unaweza kucheka. Mtoto kaletwa na homa kali, iwe malaria au sepsisi, yani maambukizi yaliyosambaa mwili mzima, anahema kwa shida au kapoteza fahamu, mikono na miguu ya baridi, ukimbonyeza ukucha ukaachia unahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndo rangi inarudi. Je, umpe maji mengi ya dripu kwa haraka au usimpe? Ulaya na Marekani hilo hata halikuwa swali, unampa, vitabu vyote vimesema hivo. Ila vitabu hivo viliandikwa na watu wenye ICU na mashine za kupumulia, na kwa watoto wa huku hakuna aliyekuwa amekaa akapima kwa utafiti mkubwa.

Basi makundi yakawa matatu. Wa kwanza anapewa albumini, yani maji yenye protini ya damu, wa pili sailini, yani maji ya chumvi ya dripu, mililita 20 mpaka 40 kwa kila kilo ya uzito, haraka. Wa tatu hapewi hayo maji ya haraka, ila mengine yote anapata, kwinini, antibayotiki, oksijeni, sukari ikishuka, damu ikipungua, na maji ya kawaida ya taratibu. (Watoto wa kuharisha hawakuwemo kabisa, wale wanahitaji maji, msije mkachanganya.) Nani aende wapi, hatukuchagua sisi. Unafungua bahasha, na simaanishi bahasha zile mnazozijua nyinyi, hii ilikuwa na karatasi tu ndani imeandikwa kundi.

Ikitoka ya kutopewa wodi nzima inanuna. Kulikuwa na sista mmoja mkongwe, kazi anaijua kuliko sisi wote, alikuwa akiiona hiyo karatasi anasonya halafu anasema "haya, kaonewa mwingine". Na sikumlaumu, maana wale wa dripu ulikuwa unawaona kwa macho, saa moja haijaisha mtoto kashapata joto la vidole, mapigo yanashikika, mama yake anakushukuru.

Usiku mmoja wa mvua akaja bibi kambeba mjukuu, kanga imelowa chapachapa. Kwa dharura utaratibu ulikuwa unamweleza mzazi kwa kifupi, akikubali kwa mdomo unaanza, maelezo marefu na sahihi baadaye mtoto akitulia. Nikamwamkia, nikamweleza. Nilijua ataniuliza damu tunaipeleka wapi, maana habari za mumiani kila mtafiti wa pwani keshakutana nazo. Hakuuliza hilo. Akaniangalia, akaangalia ile bahasha, akasema, "Mwanangu, kwani wewe dokta hujui dawa, mpaka uchague kwa bahasha?"

Nikamwambia, "Bibi, kwa hili kwa kweli sijui. Hakuna anayejua, ndo tunatafuta."

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema haya, fungua. Ikatoka ya kutopewa. Yule mtoto alipona, ila msinichukulie kwamba huo ndo ushahidi, wa kitanda cha jirani alipata dripu na yeye akapona.

Sasa hiyo Januari. Tulitegemea kufikisha watoto 3,600, na habari ikaja tukiwa tumevuka 3,100: kamati huru inayoangalia usalama wa utafiti imefungua takwimu na imesema acheni kuandikisha, leo hii. Wengi wetu tukajua tu, dripu imeshinda, imeonekana ni dhambi kuwanyima wengine. Sista akasema si niliwaambia.

Ikaja kinyume. Ndani ya saa 48 waliopewa maji haraka walikuwa wamekufa kama 10.5 kwa kila mia, albumini au sailini hakuna tofauti ya maana, na wale "walioonewa" walikufa 7.3. Watoto 3 zaidi kwa kila mia, kwa kitu ambacho sote tuliamini ni msaada. Na kinachouma zaidi ni kwamba macho yetu hayakuwa yamedanganya, takwimu zilionyesha kweli kabisa kwamba saa ya kwanza waliopewa maji walichangamka zaidi kuliko wenzao. Baadaye ndo mzunguko wa damu unaanguka, saa ambayo wewe ulishahamia kitanda kingine. Daktari mmoja wodini hata afanye kazi miaka thelathini tofauti ya watu watatu kwa mia hawezi kuiona, kila kifo atakipa sababu yake, malaria kali, wamechelewa kumleta, basi. Kwangu mimi hapo ndo palipoisha habari ya kliniki za hela.

Sista hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu, "sasa akiletwa usiku huu nifanye nini?", tukakaa naye tukapitia hatua moja moja. Waliobisha walikuwa wakubwa wa mbali, wengine wakisema hao watoto hawakuwa na shoki ya kweli, yani ile hali ya damu kutofika mwilini vizuri. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo, WHO wakaja kubadilisha mwongozo wao wa kuwapa watoto hao maji 2016. Halafu 2017 ukatoka utafiti wa Lusaka, Zambia, safari hii watu wazima wenye sepsisi, wengi wana VVU, waliopewa maji mengi na dawa za kupandisha presha wakafa 48 kwa mia, wa matibabu ya kawaida 33. Nilipoisoma nikampigia sista, ashastaafu, yuko na machungwa yake shambani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nyie mpaka leo mnabishana na dripu?", halafu akaanza kunipa bei ya machungwa.