Tafakari ya wiki: Fundi na mwanafunzi wake

Somo: Kutoka 35:30–35

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nyumba nyingi za Kenya bado zinaamka Jumapili kwa sauti ya Jim Reeves. Aliyekuwa akiisimamia sauti ile studioni Nashville hatajwi sana. Ni Chet Atkins.

Alizaliwa 1924 huko Luttrell, Tennessee, Marekani. Pumu ilimtesa utotoni hata akawa analala ameketi kitini, akicharaza gitaa mpaka usingizi umchukue. Redioni akamsikia mpiga gitaa Merle Travis. Hakuwa na wa kumwonyesha Travis anavyotumia vidole, akabuni mtindo wake: gumba kwenye besi, vidole vingine kwenye sauti ya wimbo. Kumbe Travis alitumia gumba na kidole kimoja tu!

Mwenye kipaji hicho angeweza kujipigia debe maisha yake yote. Chet akaongeza kazi ya kuwatayarishia wengine muziki katika kampuni ya RCA. Mwaka 1965 Charley Pride, mwimbaji mweusi, alisajiliwa kupitia kwake, katika muziki wa mashambani (country), ambao wengi waliuhesabu kuwa wa wazungu. Santuri zake za mwanzo zilipelekwa redioni bila picha, sauti itangulie. Tommy Emmanuel, kijana wa Australia, alimwandikia barua, akajibiwa. Mwaka 1999 Chet akampa cheo alichokibuni mwenyewe cha mpiga gitaa aliyeidhinishwa. Ni wanne tu waliokipokea mkononi mwake.

Simleti hapa kama mtakatifu. Wapo waliomlaumu kwa kuulainisha muziki wa mashambani kwa violini na waitikiaji ili uuzike, naye alipoulizwa muziki wa Nashville una siri gani, alichezesha sarafu mfukoni, yaani ni sauti ya pesa.

Tukisoma habari za Bezaleli, fundi wa hema ya Mungu, tunakumbuka dhahabu, fedha na miti aliyoichora. Mstari wa 34 tunaupita mbio: Mungu alimtia moyoni kufundisha pia, yeye na Oholiabu. Ustadi na moyo wa kufundisha vilitoka kwa Mungu yuleyule, kwa kazi ileile ya hema. Sasa, kuna kwaya ambako mpiga gitaa akisafiri, Jumapili hiyo ni makofi matupu, na akirudi anafurahia tulivyohangaika. Karama ya namna hiyo sijaiona katika Kutoka.

Viongozi wa sifa, mazoezi ya wiki hii, yule kijana anayekaa karibu na spika akikodolea macho vidole vyako, mwachie gitaa nyimbo mbili.