Wiki sita za magonjwa ya akili: ithibati ya rotesheni na leseni ya udaktari Marekani

Wanafunzi wa udaktari wanaosoma katika visiwa vya Karibi na wanaojiandaa kwenda Marekani kwa miaka yao miwili ya wodini huniandikia mara kwa mara, na karibu wote huuliza ni hospitali gani inayotoa nafasi mapema. Nami huwarudishia swali jingine: je, hospitali hiyo ina programu ya residensi (mafunzo ya ubingwa baada ya shahada ya udaktari) yenye ithibati katika somo lilelile unalokwenda kujifunza hapo? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Mimi pia sikuulizwa, na wiki sita nilizokaa katika wodi ya magonjwa ya akili zilikuja kunizuia takriban miaka mitano baadaye, wakati nilipokwisha kuwahudumia mamia ya wagonjwa.

Chanzo cha tatizo ni kwamba neno ithibati linatumika kwa mambo mawili tofauti. Shule za udaktari za Marekani zinazotoa shahada ya kawaida ya udaktari, MD, hupewa ithibati na chombo kiitwacho LCME, na zile za shahada ya DO, yaani udaktari wa osteopathia, hupewa na COCA. Ithibati hiyo inahusu mtaala wote, pamoja na rotesheni zote, yaani vipindi vya wiki kadhaa vya kujifunza somo moja wodini, kwa hiyo mwanafunzi wa shule hizo hana haja ya kuhangaika kama hospitali ndogo aliyopelekwa inafundisha mabingwa au la. Programu za residensi, kwa upande wake, hupewa ithibati na chombo kingine, ACGME. Mwanafunzi wa shule ya nje hana kinga ya LCME wala ya COCA, na hivyo baadhi ya majimbo hutafuta uthibitisho kwa njia nyingine, yaani huangalia kama somo alilojifunza ndani ya Marekani lilifundishwa mahali penye residensi ya somo hilo iliyokubaliwa na ACGME. Wanafunzi huziita rotesheni za namna hiyo za kitabu cha kijani, kwa kuwa orodha ya programu zenye ithibati iliyokuwa ikichapishwa na Chama cha Madaktari cha Marekani ilikuwa na jalada la kijani.

Jimbo linalotajwa zaidi katika habari hii ni Texas. Sheria yake imetaka elimu yote ya udaktari ambayo mwombaji aliipata ndani ya Marekani iwe na ithibati inayotambuliwa, au iwe imetolewa katika hospitali inayoendesha au kushiriki programu ya residensi yenye ithibati katika somo hilohilo. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Hospitali inaweza kuwa na residensi nzuri sana ya magonjwa ya ndani, lakini hilo halimsaidii mwanafunzi aliyejifunza upasuaji hapo. California nayo, kwa miaka mingi, ilihesabu wiki: 72 za wodini kwa jumla, zikiwemo 8 za upasuaji, 8 za magonjwa ya ndani, 6 za watoto, 6 za wanawake na uzazi, 4 za akili na 4 za tiba ya familia. Tangu Januari 2020 mkazo wake umehamia kwenye miezi 36 ya residensi. New York hupitia mlango wa shule yenyewe: shule ya nje isiyoidhinishwa na jimbo hairuhusiwi kumweka mwanafunzi katika hospitali za huko kwa zaidi ya wiki 12.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba residensi yenyewe haizuiliki kwa sababu hii. Mhitimu wa nje anahitaji cheti cha ECFMG, taasisi inayothibitisha sifa za madaktari waliosomea nje ya Marekani, ili aingie katika programu ya ACGME, na cheti hicho hakipimi rotesheni mojamoja. Mimi nilipata nafasi yangu ya magonjwa ya ndani bila swali lolote, katika jimbo lisilokuwa na sharti hilo. Hata hivyo rotesheni huonekana kwa njia nyingine, kwa sababu barua ya mapendekezo kutoka kwa bingwa anayefundisha marezidenti kila siku, na anayeweza kumlinganisha mwanafunzi nao, husomwa kwa makini zaidi kuliko ya daktari wa kliniki binafsi, hata kama huyo wa pili alimfahamu mwanafunzi vizuri zaidi.

Nilipomaliza miaka mitatu ya residensi nilipata kazi Texas, nikaomba leseni, na ndipo ikabainika kwamba hospitali niliyojifunzia magonjwa ya akili haikuwa na residensi ya somo hilo. Chuo kilikuwa kimenipanga huko kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Njia iliyobaki kwangu ilikuwa ubingwa: mwombaji aliyethibitishwa na bodi ya ubingwa inayokubalika anaweza kuvushwa. Nilisubiri mtihani wa bodi, kisha matokeo, na kazi niliyoahidiwa ikachukuliwa na mwingine. Sina ugomvi na shabaha ya kanuni hiyo, kwani mahali wanapofundishwa marezidenti pana usimamizi unaokaguliwa, na mgonjwa anastahili hilo. Kinachoniuma ni kwamba anayebeba gharama ni mwanafunzi, ambaye hakuchagua hospitali. Nafasi zenyewe ni bidhaa ya ushindani: mwaka 2007 chuo cha St. George's kiliingia mkataba wa miaka 10 na hospitali za umma za jiji la New York kwa dola milioni 100, na shule zisizo na fedha kama hizo hutafuta kwingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kukubali nafasi, tafuta jina la hospitali katika orodha ya ACGME iliyo wazi kwa umma, uone kama imeandikwa kuwa mwenyeji au mshiriki wa programu ya somo lako kwa tarehe zako, si kwa mwaka uliopita. Chapisha ukurasa huo. Soma kanuni za jimbo unalotarajia kufanyia kazi kutoka kwa bodi yake ya leseni yenyewe, maana hubadilika. Na kabla ya kuondoka wodini siku ya mwisho, pata barua yenye jina la somo, idadi ya wiki, tarehe na sahihi ya msimamizi, kwa sababu hospitali ndogo hufungwa, wasimamizi huhama, na karani wa bodi atakayeitaka karatasi hiyo hatakubali kumbukumbu zako za mdomo.