Sarafu za Tabora za 1916: kabla hujatoa hela

Neno "hela" lenyewe limetokana na heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, na heller za 1916 zenye herufi T chini ya mwaka ziligongwa hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Anayeanza kununua na kuuza aanze na ya heller 20: ina upana wa takriban mm 29, ya shaba nyekundu au ya shaba ya njano.

Usiikatae kwa sababu ya sura mbaya. Muhuri wa kugongea sarafu ulichakaa, hivyo maandishi hafifu na picha iliyokaa upande ni kawaida. Ukiona vitundu vidogo kama vya maandazi, au mstari wa kalibu ukingoni, hiyo imemiminwa, haikugongwa, yaani ni bandia. Ikinaswa na sumaku, irudishe. Angalia pia taji lililo kwenye sarafu: kuna kubwa na dogo, na muuzaji wa mnadani mara nyingi hajui tofauti.

Ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo, ina gramu 7.168 na upana wa mm 22. Bila mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, usiiguse.

Halafu kusafisha. Limau, majivu, mchanga, hapana! Rangi ya uzee ikitoka, bei inashuka na hairudi. Maji safi na sabuni kidogo, kausha kwa kugandamiza kitambaa laini, usisugue. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi kavu. Plastiki laini ya PVC huacha ute wa kijani unaokula shaba.