Desemba siji, nina honi ya nne

Kila Desemba simu za Mwanza zinakuja na lawama ileile: wenzako wa Ulaya wote wameshafika, wewe uko wapi? Niko kazini. Huku Ujerumani okestra nyingi, yaani makundi makubwa ya wapiga ala, hufunga mwaka kwa Simfoni ya Tisa ya mtunzi Beethoven, na mimi ni honi ya nne: si honi ya gari, ni ala ya shaba ya kupuliza. Kuomba likizo wiki hiyo ni kujitafutia balaa.

Okestra kubwa kwa kawaida ina honi za Kifaransa nne. Ya kwanza na ya tatu hupiga noti za juu, ya pili na ya nne za chini. Sifa na maua ni vya wa kwanza. Wa nne anahesabu mapigo, akingoja zamu yake. Kuna jioni mapigo niliyokaa kimya yanazidi mbali niliyopuliza, na mshahara unaingia vilevile, jambo ambalo baba mdogo, aliyenifundisha tarumbeta, analiona ni utapeli. Kwake kazi ni ile ya nyuma ya pikapu: kanisani Kirumba, picha pale Jiwe la Bismarck, hadi ukumbini, midomo imevimba, na ukithubutu kupumzika kamati ya harusi inakujia juu.

Ila Beethoven, mwaka 1824, alitukumbuka. Sehemu ya tatu ya simfoni hiyo, ile ya taratibu, solo ya honi, kipande cha kusikika peke yako, kaipa ya nne. Inashuka chini kabisa, inapanda, halafu inakuja skeli, noti zinazofuatana kama ngazi, iliyo uchi. Huna ngoma ya kujificha nyuma yake. Na honi ni bomba la karibu mita 3.7 lililoviringishwa, noti zake za juu zimebanana kiasi kwamba vidole havijasogea, midomo imeshatua kwenye noti ya jirani. Tarumbeta ikikosea harusini watu wanaendelea kucheza. Honi ikipasuka sauti hapa, ukumbi mzima umesikia, na kondakta, yule anayeongoza okestra, kainua macho.

Kazi yenyewe niliipata nyuma ya pazia. Raundi ya kwanza ya usaili majaji hawakuoni, wanakusikia tu, na pazia lile nalipenda kuliko hotuba zote za usawa nilizowahi kusikia. Okestra ya Berlin Philharmonic haikuwa na mwanamke kwenye ala za shaba mpaka Sarah Willis, mpiga honi, alipoingia mwaka 2001. Baada ya pazia kuna mwaka wa majaribio, na mwishoni wanaokupigia kura ni hao hao unaokaa nao. Mwaka mzima unacheka hata utani usiochekesha.

Nyumbani naja Julai au Agosti, msimu ukifungwa. Honi naibeba mkononi ndani ya ndege, mdomo wake mpana nimeufungua na kuutenganisha. Midomo ya mpigaji ni misuli, ukiitelekeza inakusaliti, kwa hiyo alfajiri napanda mawe ya Capri Point kuvuta noti ndefu huku mitumbwi ya dagaa ikirudi. Siku mvua ilipogoma kuacha nilifanyia mazoezi kwa shangazi. Akaniona naizungusha honi na kumwaga maji.

"We baba, mate yote hayo barazani kwangu?"

Nikamweleza kwamba ni pumzi tu, ikikutana na shaba baridi inageuka maji. Akaniletea ndoo.

Mwaka huu lawama zimezidi kwa sababu dada yangu, mtoto wa baba mdogo, anaolewa wiki ya mwisho ya Desemba. Nilimpigia baba mdogo mwenyewe kumwomba radhi, nikamweleza habari za Beethoven na solo yangu. Akauliza ile skeli inachukua muda gani. Nikasema, sekunde chache tu, baba. Akanyamaza kidogo.

"Basi kwa kuwa midomo yako inapumzika sana, tarumbeta za harusi utalipia wewe."

Nimeshatuma.