Croydon, zafarani na ndege ya kwenda Mwanza

Ukimtajia Mswahili wa London jina Croydon, huku kusini mwa jiji, cha kwanza kumjia ni Lunar House, lile ghorofa la uhamiaji, foleni, bahasha ya makaratasi kwapani na roho juu juu. Hata mimi niliujua mji huu hivyohivyo. Ila nimekaa hapa mwaka wa sita sasa na kusema kweli mji huu unaonewa, watu wanaupita na treni kwenda uwanja wa ndege wa Gatwick wanaona maghorofa ya zege basi wanasema hakuna kitu pale.

Haya, jina lenyewe wanasema limetoka kwenye Kiingereza cha kale, bonde la zafarani, zafarani hii hii ya biriani jamani. Maaskofu wakuu wa Canterbury walikuwa na kasri lao hapa karne na karne, na mmoja wao, John Whitgift, akajenga nyumba ya kutunzia wazee, ikaisha 1599. Bado ipo, kona ya George Street na North End, matofali mekundu, vidirisha vidogo, tramu zinapita hapo ubavuni. Karne iliyopita walitaka kuibomoa wapanue barabara, ikaokolewa bungeni 1923. Na wazee bado wanaishi humo! Siku moja nilikuta geti wazi nikachungulia, uani nyasi zimekatwa vizuri, maua yamepangwa mlangoni, kimya kabisa, na hatua kumi nyuma yangu watu wanapishana na mifuko ya madukani.

Reli nayo ilifika mapema mno, 1803, mabehewa yanavutwa na farasi kutoka Wandsworth, ya mizigo tu. Ya injini ikaja 1839, na hapo ndio wafanyakazi wa London wakaanza kuhamia, shamba likageuka mtaa.

Lakini kilichonishika mimi ni uwanja wa ndege. Kuanzia 1920 Croydon ndio ilikuwa uwanja mkuu wa London, Heathrow haijafikiriwa bado. Neno "mayday" ambalo rubani akizidiwa anaita redioni lilitungwa hapa na afisa wa redio Frederick Mockford, kalitoa kwenye Kifaransa kwa sababu ndege nyingi zilikuwa za kwenda na kurudi Paris. Amy Johnson, rubani mwanamke wa Kiingereza, alirukia hapa 1930 kwenda Australia peke yake.

Sasa sikia hii. Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya Imperial Airways iliondoka Croydon na barua za kwenda Mwanza. Mwanza yetu! Sio kwa ndege moja safari nzima, ilikuwa ndege mpaka Uswisi, halafu treni mpaka Italia, halafu ndege ya kutua majini mpaka Misri, treni tena, ndege tena mpaka Khartoum, hapo wanabadilisha ya majini tena mpaka Ziwa Victoria. Siku kama kumi hivi.

Uwanja ulifungwa 1959 ila jengo la abiria bado limesimama Purley Way, jeupe, na ndege imewekwa juu ya nguzo mbele yake, kuna siku wanafungulia watu wanaingia. Nilisimama pale nikampigia mama, yuko Kirumba kule Mwanza, nikamsimulia yote. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa inatua ziwani kabisa?" Nikamwambia ndio mama, ziwani.