Rangi za United, ndege ya SkyWest

Jana nachapa ratiba ya mgeni anayekuja uwanja wa ndege wa KIA kutoka Marekani, macho yakagonga mstari mdogo kwenye tiketi: Aspen hadi Denver, United Express, anayerusha ni SkyWest. Yaani jina na rangi ni za shirika la ndege la United, lakini ndege inarushwa na kampuni nyingine. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni yale yale ya Arusha msimu ukichanganya: gari la huyu, dereva wa yule, stika mlangoni ya kampuni ya tatu!

SkyWest, wenye makao St. George, Utah, wanarushia pia mashirika ya ndege ya Delta, American na Alaska. Rubani analipwa na SkyWest, si United.

Mwaka jana nilipeleka wageni Tarangire na gari la kuazima. Stika ikabanduka kabla ya Makuyuni. Mama mmoja akaniuliza mimi hasa ni wa nani.