Akikung'ata utamuuliza ukoo?

Harusi ya Zuhra imeisha salama, na umeme nyumba mpya umeshaingia, alhamdulillah, lakini mwenzenu tangu Jumanne nina sentensi moja tu kichwani na haitoki.

Ilikuwa chai ya saa nne. Yule binti wa fildi niliyewaambia juzi, mwenye daftari la kijani, akaniuliza habari za austeni, aina moja ya mbung'o, hawa nzi wanyonya damu tunaohangaika nao kazini: "Dada, huyu austeni mbona kila kitabu kinamweka kundi lake?" Swali zuri kabisa. Nafungua tu mdomo nimjibu, mzee wetu mmoja wa kazini akadakia: "Wewe binti, mbung'o ni mbung'o. Akikung'ata utamuuliza ukoo?" Meza nzima wakacheka. Na binti naye akacheka, akafunga daftari, akachukua kitumbua.

Kile kitendo cha kufunga daftari ndicho kinachoniuma. Nikiosha vyombo nakiona, nikipanda daladala nakiona, juzi usiku Baba Nasri ananiuliza naongea na nani.

Ndio mzee wangu, heshima yako, lakini nitamuuliza ukoo. Unguja kulikuwa na mbung'o wa aina moja tu, Glossina austeni, na ng'ombe wa watu walikuwa wanakufa kwa nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o. Wale madume waliofugwa hapa hapa Tanga, wakapigwa mionzi wasizalishe, wakaenda kumwagwa kwa ndege kuanzia 1994, wangekuwa wa aina nyingine wangefanya nini kule? Jike wa mbung'o mara nyingi anapandwa mara moja tu maishani, akipata dume tasa ndio basi, ila lazima awe dume wa aina yake. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Unguja 1996. Hiyo ndiyo kazi ya ukoo. Na mitego je? Ile ya kitambaa cha bluu na nyeusi inamnasa pallidipes, mbung'o wa aina nyingine, vizuri sana, austeni anaipita tu, mpaka uweke vibao vya bluu na nyeupe vyenye gundi. Asiyejua anatafuta nani ataweka mtego wake, atakuta mtupu, aandike ripoti kwamba eneo ni safi, na mfugaji aamini.

Yote haya nimeyasema vizuri sana, jikoni, peke yangu.

Basi jana mchana ofisi imetulia, watu wameenda Ijumaa, binti kaja mwenyewe na lile daftari, anasema dada lile swali langu. Jamani! Nikavuta kiti, tukawasha mikroskopu, nikamtolea boksi la sampuli. Tukaanza na bawa, kile kichumba cha katikati chenye umbo la shoka ambacho kila mbung'o anacho na ndicho kinamtenga na nzi wengine. Nikamwambia jenasi yenyewe aliipa jina mtaalamu wa wadudu, Wiedemann, mwaka 1830, na zamani walimchanganya kwenye familia moja na nzi wa nyumbani, leo ana familia yake, Glossinidae, na ndugu zake wa karibu ni wale nzi chawa wanaoganda kwenye farasi na mbwa na wale wanaoishi juu ya popo, wote wanyonya damu, wote jike analea buu mmoja tumboni kwa maziwa yake mpaka akue.

Halafu makundi matatu ya mbung'o, Morsitans wa mbuga, Palpalis wa mitoni, Fusca wa misitu. Yeye haraka haraka akaniuliza, sasa mbung'o aina ya longipennis mbona yuko Fusca na anakaa nyika kavu kule Tsavo? Nilitaka kumkumbatia. Ndio hapo nikamwambia Newstead, mtaalamu aliyeyapanga haya makundi mwaka 1911, hakupanga kwa makazi, alipanga kwa viungo vya uzazi vya dume. Kwa viungo hivyo austeni anaingia Morsitans, ila ukimwangalia jike mambo hayakai sawa, na mwenyewe anapenda vichaka vizito vya pwani, hataki mbuga, kwa hiyo wako waliotaka apewe kikundi chake peke yake, Machadomyia. Binti akaangalia dume, akaangalia jike, akarudi kwa dume, kimya muda mrefu, mwisho akasema, "Kwa hiyo vitabu havijakosea, kila kimoja kimeangalia kiungo chake." Akaandika. Nimelala vizuri jana, mara ya kwanza wiki hii.

Ila leo asubuhi Salma kapiga simu, anasema Bi Mkubwa anakata vidonge vya presha nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na amemkataza asiniambie. Hela nimeshatuma, lakini namjua mama, atainunulia bati la banda la kuku. Itabidi niende Muheza mwenyewe Jumapili, na gari la asubuhi sijui kama bado lipo.